Presha yake ilikuwa nzuri, kwa nini alifariki?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, Wilaya ya Mbarali. Mwezi uliopita tuliletewa kijana wa miaka 24, dereva wa bodaboda, amegongwa na kirikuu. Alikuwa anaongea vizuri, analalamika ubavu wa kushoto. Saa 2:10 usiku nilimpima: presha 118/76, mapigo ya moyo 112, kupumua 20, joto 36. Nikaona yuko salama, nikaenda kwa abiria wake aliyevunjika mguu, ambaye alikuwa anapiga kelele sana. Nilipomrudia saa 3:05, presha ilikuwa 102/84, mapigo 128, anasinzia na anaomba maji. Tukaita gari la wagonjwa, akafia njiani kabla ya kufika Mbeya. Naomba kujua, ipo namba inayoweza kutuambia majeruhi huyu atapona na huyu hatapona? Mimi nilikosea wapi? Kituoni tuna mashine ya presha, kipimajoto na saa ya ukutani tu. Na mama yake kila tukikutana sokoni ananiuliza mwanaye alikufa na nini. Sijui nimjibu nini.

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikaanza kuandika namba zako pembeni, kwa sababu umenipa kitu ambacho watu wengi wanaoniuliza maswali ya namna hii hawanipi: umeandika saa. Bila hizo saa mbili, 2:10 na 3:05, nisingekuwa na la kukujibu zaidi ya pole.

Nianze na swali lako la kwanza. Namba zipo. Mapigo ya moyo, presha, kasi ya kupumua, joto na fahamu vikipimwa kwa uangalifu vinatabiri vizuri nani kati ya majeruhi mia moja yuko hatarini. Ila vinavyomtabiria mtu mmoja aliyelala mbele yako ni mwendo wa namba hizo, yaani zinaelekea wapi, na namna zinavyohusiana zenyewe kwa zenyewe. Na ile moja uliyoiamini kuliko zote, presha, ndiyo inayochelewa kuliko zote kusema ukweli.

Mtu mzima ana damu ya takribani lita 5. Akipoteza mililita 450, kama anayejitolea damu pale benki ya damu, anainuka, anakunywa soda na kwenda zake. Hata ikifika mililita 750 presha haionyeshi kitu. Akipoteza kati ya hapo na lita moja na nusu, moyo unapita mapigo 100 kwa dakika, pumzi zinaongezeka, mikono inakuwa baridi, lakini ile namba ya juu ya presha inaweza kubaki palepale. Mara nyingi inaanza kuanguka damu iliyopotea ikishapita lita moja na nusu, na mtu aliyefika hapo ana muda mfupi sana.

Kwa nini inachelewa? Fikiria mama mwenye familia kubwa wakati unga umepungua ndani. Hatangazi njaa siku ya kwanza. Anapunguza sahani za wakubwa, yeye mwenyewe analala bila kula, watoto wanaendelea kushiba. Mgeni akiingia na kuwatazama watoto tu atasema nyumba hii haina shida. Mwili unafanya hivyohivyo. Unabana mishipa ya ngozi, ya utumbo, ya figo, ili ubongo na moyo viendelee kupata damu. Mashine yako ya presha inawaona watoto walioshiba. Ukitaka kuijua njaa lazima uangalie kwingine: ngozi baridi yenye jasho, kiganja kilichopauka, mapigo, pumzi, na mkojo ambao hautoki.

Sasa turudi kwa kijana wako, saa 2:10. Chukua mapigo ya moyo, gawanya kwa namba ya juu ya presha: 112 kwa 118, unapata 0.95. Hesabu hii inaitwa kiashiria cha shoki (shoki ni hali ya viungo kukosa damu ya kutosha), na ilielezwa mwaka 1967 na madaktari wawili wa upasuaji, Allgöwer na Burri. Kwa mtu mzima mwenye afya inakuwa kati ya 0.5 na 0.7. Ikifika 0.9 kuna jambo. Ikifika 1 na kupita, hatari ya kufa na ya kuhitaji damu nyingi inapanda waziwazi. Saa 3:05 yake ilikuwa 128 kwa 102, yaani 1.25. Huna haja ya kikokotoo kwenye zamu ya usiku. Linganisha tu namba mbili kwa macho: mapigo yakiikaribia namba ya juu ya presha, shtuka, yakiipita, shika simu.

Kuna kitu kingine kimejificha kwenye karatasi yako. Saa 2:10 tofauti kati ya namba ya juu na ya chini ilikuwa 42. Saa 3:05 ilikuwa 18. Ya juu imeshuka na ya chini imepanda, zinakaribiana. Hiyo ndiyo mishipa ikijibana kwa nguvu zake zote huku moyo ukisukuma damu kidogo kila pigo. Wengi wetu tukiandikiwa 102/84 tunaiona 102 tu na kusema bado iko juu ya 90. Mimi siku hizi jicho langu linaenda kwanza kwenye ile tofauti.

Je, ulipaswa kujua saa 2:10? Hapa sitakudanganya kwa kukufariji wala kwa kukulaumu. Mapigo 112 kwa kijana aliyetoka kugongwa muda huohuo, ana maumivu, ana hofu, pikipiki ya tajiri imevunjika, ni kitu cha kawaida. Wengi wenye namba kama hizo wanarudi nyumbani kesho yake. Maumivu na kutokwa damu vinaandika namba zilezile katika robo saa ya kwanza. Vinaachana baadaye: mwenye maumivu, ukimtuliza na kumpa dawa, mapigo yanashuka, anayevuja damu ndani, mapigo hayashuki, au yanashuka kidogo kisha yanapanda tena. Kwa hiyo kipimo cha saa 2:10 peke yake hakikutosha kukuhukumu. Kilichompotea kijana ni zile dakika 55. Kipimo cha pili kilitakiwa saa 2:25, cha tatu 2:40, na ubavu wa kushoto unaouma baada ya kugongwa, mahali bandama ilipo, ulikuwa sababu tosha ya kumpima hivyo hata kama angekuwa anacheka. Hilo ndilo kosa, na silo lako peke yako. Kituo chenye muuguzi mmoja zamu ya usiku na majeruhi wawili kimepangiwa kukosea.

Nije kwenye namba 20, ile uliyoandika ya kupumua.

Naomba usikasirike, lakini namba 20 naijua. Nilipokuwa daktari wa mafunzo, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilipitia mafaili ya wodi nzima asubuhi moja na kukuta wagonjwa karibu wote wanapumua mara 20 kwa dakika: mwenye nimonia 20, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri 20, bibi aliyekuwa anakata roho 20. Hakuna aliyehesabu. Sikuwa na haki ya kuwanyooshea wengine kidole, kwani baadhi ya zile 20 zilikuwa mwandiko wangu. Tunaangalia kifua sekunde mbili, tunaona kinapanda na kushuka, tunaandika 20. Kumbe katika vipimo vyote vya kituo chako, hiki ndicho hakihitaji betri, umeme wala bohari ya dawa. Kinahitaji ile saa ya ukutani na dakika moja kamili ya kukaa kimya.

Na ndicho kinachosema mapema. Nyama za mwili zikikosa oksijeni zinazalisha asidi. Mapafu yanajaribu kuitoa asidi hiyo kwa kupumua haraka. Kwa hiyo mtu anayevuja damu tumboni, ambaye mapafu yake hayana jeraha lolote, ataanza kupumua mara 24, 28, 32, wakati presha bado ni nzuri. Ninaamini, kwa jinsi ulivyomweleza, kwamba saa 3:05 kijana wako alikuwa anapumua zaidi ya mara 30. Hukuandika. Kuanzia leo hesabu kwa dakika nzima, na uhesabu ukiwa umeshika mkono wake kana kwamba unapima mapigo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake anabadilisha.

Uliuliza kama kuna namba moja inayojumlisha yote. Madaktari wametafuta hilo kwa zaidi ya miaka 40. Alama inayotajwa zaidi ni ile aliyoitoa Champion na wenzake huko Marekani mwaka 1989, inayotumia vitu vitatu: fahamu, namba ya juu ya presha na kasi ya kupumua. Kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 4, kisha vinazidishwa kwa uzito tofauti. Fahamu ina uzito mkubwa kuliko vyote, 0.9368, presha 0.7326, kupumua 0.2908. Alama ya juu kabisa ni 7.84. Katika hospitali za Marekani walikokusanya takwimu hizo, waliopata alama kamili walipona karibu asilimia 99. Waliopata 4 walipona kama asilimia 60. Waliopata 0, yaani hana presha, hapumui, hajibu chochote, walipona chini ya asilimia 3.

Tazama sasa. Kijana wako saa 2:10 angepata alama kamili, na hata saa 3:05 presha yake ingepewa 4 kati ya 4, kwa sababu alama hiyo haipunguzi kitu mpaka namba ya juu ishuke chini ya 90. Kwa vipimo vyako vya saa 2:10, kwenye jedwali la Champion angewekwa pamoja na wale asilimia 99. Lakini katika kundi hilo pia watu kama 12 katika kila 1,000 walikufa, na katika hospitali zenye damu, chumba cha upasuaji na madaktari wa upasuaji saa 24. Asilimia 99 ni habari ya kundi. Haikuwa ahadi kwa yeyote aliyemo.

Iliyo karibu zaidi na maisha yetu ni ile ya Kampala, iliyotengenezwa Uganda na Olive Kobusingye na Ronald Lett na kuchapishwa mwaka 2000. Hii naipenda, na ningefurahi kuiona imebandikwa ukutani katika kila kituo kuanzia Kitonga hadi Tunduma. Inahitaji vitu ulivyo navyo tu. Umri: kati ya miaka 5 na 55 anapata 2, nje ya hapo 1. Majeraha makubwa: hakuna, 3, moja, 2, zaidi ya moja, 1. Namba ya juu ya presha: zaidi ya 89 anapata 4, 50 hadi 89 anapata 3, 1 hadi 49 anapata 2, haipimiki, 1. Kupumua: 10 hadi 29 anapata 3, 30 na zaidi, 2, 9 na chini, 1. Fahamu: yuko macho, 4, anaitika ukimwita, 3, anajibu ukimfinya tu, 2, hajibu kabisa, 1. Jumla ni kati ya 5 na 16. Kuanzia 14 huhesabiwa majeraha madogo, 11 hadi 13 ya kati, 10 kushuka ni makali.

Nimempigia kijana wako hesabu. Saa 2:10: 2 na 2 na 4 na 3 na 4, jumla 15. Majeraha madogo! Saa 3:05, akiwa anasinzia na kama kweli pumzi zilipita 30, jumla 13. Ya kati. Saa moja kabla ya kufa.

Usiitupe alama hiyo kwa sababu ya mtu mmoja. Coaster ikipinduka na mkaletewa watu 18 kwa mara moja, alama ya Kampala itakusaidia kujua kwa dakika chache nani aende na gari la kwanza, nani asubiri, na itakuepusha na kumkimbilia anayepiga kelele zaidi. Ndiyo kazi yake, pamoja na kulinganisha hospitali na hospitali. Lakini imepima mahali mtu aliposimama, haikupima anaelekea wapi. Alama iliyoshuka kutoka 15 hadi 13 ndani ya saa moja inanitisha mimi kuliko alama ya 12 iliyobaki 12 usiku kucha.

Niseme kidogo kuhusu fahamu, maana imebeba uzito kuliko vyote. Kipimo cha Glasgow, cha mwaka 1974, kinatoa alama 3 hadi 15, na ukikijua kitumie. Ukisahau, yale maneno manne ya Kampala yanatosha. Majeruhi aliyekuwa anaongea kisha akaanza kusinzia hajapumzika. Ubongo umeanza kunyimwa, ile nyumba imefika mahali pa kupunguza sahani za watoto. Na kuomba maji, kwa mtu aliyeumia tumbo, ni damu inayopungua ndiyo inaomba. Usimpe ya kunywa, atahitaji upasuaji, bali liandike neno hilo na saa yake kama unavyoandika presha. Huku kwetu kuna mtego mwingine: kijana ananuka ulanzi au bia, watu wanasema amelewa, mwacheni alale. Pombe inaweza kuwepo na damu kwenye ubongo ikawepo pia. Pima sukari kama mna kifaa, na mhesabu kama aliyeumia kichwa mpaka ithibitike vinginevyo.

Wapo watu ambao namba zao zinadanganya, na hapa nina deni la mzee mmoja. Nilikuwa daktari kijana. Aliletwa kutoka upande wa Mafinga, ameangukiwa na gogo msituni, miaka yake sabini hivi. Presha 112/70, mapigo 84. Nikaandika hali nzuri, nikasogea kwa mwingine. Mwanaye alikuja na kifuko cha dawa: mzee alikuwa anatumia atenolo na presha yake ya siku zote ilikuwa 170. Kwa mtu wa 170, hiyo 112 ni kuanguka, na atenolo ilikuwa imefunga moyo wake usiweze kwenda mbio hata kama alitaka. Alivunjika nyonga na alikuwa anavuja damu muda wote ule niliokuwa nimegeuka. Alipona, kwa sababu mwanaye alizungumza. Siku hizi miongozo ya Marekani ya mwaka 2021 ya kuwapanga majeruhi inasema kwa mwenye miaka 65 na zaidi, namba ya juu ikiwa chini ya 110 tayari ni hatari. Muulize kila mzee: unatumia dawa gani, na presha yako ya kawaida ni ngapi?

Mtoto naye ana moyo unaokwenda mbio kwa asili, na presha yake inashikilia mpaka dakika ya mwisho kisha inaporomoka ghafla. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 10, zidisha umri kwa 2 kisha ongeza 70. Namba ya juu ikiwa chini ya hapo umeshachelewa, kwa hiyo mwangalie pumzi na ubaridi wa miguu. Mama mjamzito ana damu ya ziada, anaweza kupoteza nyingi kabla hajaonyesha, na anayeumia kwanza ni mtoto tumboni. Mimba ikiwa kubwa mlaze ameinamia upande wa kushoto. Aliyeumia kichwa anaweza kukupa kinyume cha yote niliyosema: presha inapanda, mapigo yanashuka, pumzi zinavurugika. Hiyo ni ubongo unabanwa ndani ya fuvu. Mwenye jeraha la kichwa akiwa na presha ya chini, tafuta anapovuja, kwani kwa mtu mzima ni nadra fuvu pekee kupoteza damu kiasi hicho, na kushuka huko kunakaribia kuongeza hatari ya kifo mara mbili.

Joto usilidharau, hasa Juni na Julai. Mtu aliyelala pembeni ya barabara usiku Makambako au Njombe, nguo zimelowa, anafika na joto la 34. Chini ya 35 damu inaanza kushindwa kuganda vizuri, na hapo kila dripu baridi unayomwekea inazidisha. Vua nguo mbichi, mfunike blanketi kichwa pia.

Oksimita, kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni kwenye damu, mkija kuipata, mkumbuke tuko juu. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hivyo mtu mzima wa afya anaweza kusoma asilimia kidogo pungufu ya yule wa Dar es Salaam. Na ikikataa kusoma kwa sababu kidole ni cha baridi, hiyo nayo ni habari ya mzunguko wa damu.

Kuna jambo tulifundishwa wengi wetu: ukipata mapigo kwenye kifundo cha mkono, presha si chini ya 80. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000, uliolinganisha vidole na vipimo vya ndani ya mshipa, ulionyesha kwamba wengi wenye mapigo ya mkononi wako chini ya hapo. Betri ya mashine ikiisha, mapigo yaliyopotea mkononi ni dalili mbaya ya kweli. Mapigo yaliyopo yasikutulize.

Sasa, usiku ujao, na hivyo vifaa vyako vitatu. Chukua karatasi, chora mistari, andika saa upande mmoja na vipimo upande mwingine, uifunge kitandani kwa majeruhi. Kila dakika 15 kwa saa ya kwanza, kila dakika 5 kwa unayemtilia shaka. Ukiwa peke yako, mfundishe mlinzi au ndugu wa mgonjwa kuita mara anapoona anasinzia. Anayepiga kelele ana hewa ya kutosha na damu ya kutosha ya kupigia kelele. Anza na aliyenyamaza. Zuia damu inayoonekana kwa kukandamiza. Nyonga ikitiliwa shaka, ifunge kwa shuka kuzunguka makalio. Weka kanula mbili nene mapema, wakati mishipa bado inaonekana. Dripu usimwage: mililita 250, pima, kisha uamue, ukilenga namba ya juu ya 80 hadi 90. Damu iliyochanganywa na maji mengi haigandi vizuri, na presha iliyopandishwa ghafla inang'oa donge la damu lililokuwa limeziba tundu. Aliyeumia kichwa ni tofauti, yeye namba ya juu isishuke chini ya 110.

Kama kituo kina asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, ambayo wengine wanayo kwa ajili ya akina mama wanaotoka damu baada ya kujifungua, zungumza na daktari wa rufaa kwenye simu. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo: gramu 1 kwa dakika 10 kwenye mshipa, kisha gramu 1 kwa saa 8. Lakini ianze ndani ya saa 3 tangu ajali. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Ndiyo maana saa ya ajali nayo iandikwe, siyo ya kufika kituoni tu. Na fomu ya polisi, PF3, itafuata. Hakuna sababu ya majeruhi anayevuja damu kuisubiri.

Jambo kubwa kuliko dripu zote ni simu ya mapema. Hakuna dawa ya kituo cha afya inayoziba bandama iliyopasuka. Inazibwa na mkono wa daktari wa upasuaji, na barabara ya kutoka kwenu hadi Mbeya ina malori, milima na ukungu. Ukisubiri namba ya juu ishuke ndipo uite gari, umeita gari la maiti. Piga mapigo yakiipita presha, au yakikataa kushuka kwa vipimo viwili mfululizo, au pumzi zikifika 30, au akianza kusinzia. Kimoja kinatosha. Na ukipiga, usiseme "tuna mgonjwa wa ajali, hali si nzuri sana." Sema kwa mfano hivi, kama vile kijana wako angepimwa kila robo saa na pumzi zake zikahesabiwa: "Mwanaume, miaka 24, amegongwa saa 1:40 usiku, ubavu wa kushoto unauma, tumbo limeanza kukaza. Saa 2:10 alikuwa 118/76, mapigo 112, pumzi 24. Saa 2:25 ni 112/80, mapigo 120, pumzi 28. Tunahisi anavuja damu tumboni. Tunaondoka naye sasa, andaeni damu na chumba cha upasuaji." Anayepokea simu hiyo hawezi kurudi kulala.

Umebaki mama yake. Usimkwepe sokoni. Mwambie kwamba kwa dalili ulizoziona, mwanaye alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo, mahali ambapo mkono wa muuguzi haufiki. Mwambie alikuwa anaongea, alikujibu ulipomwita, hakuwa peke yake. Akikuuliza kama angepona, mwambie kwamba wapo wanaopona wakifikishwa kwenye upasuaji mapema, na kwamba usiku ule gari liliitwa saa 3:05. Atakasirika, labda atalia mbele za watu, na ana haki. Ila usimwambie kwamba presha yake ilikuwa nzuri.